Alikula, Hakula

Vitabu vyetu vingi vya sarufi vina ugonjwa mmoja: hutoa amri pasipo sababu. Mwanafunzi huambiwa kwamba wakati uliopita husemwa "alikula, alikuja", na ukikanushwa husemwa "hakula, hakuja". Akiuliza ile "ku" ya "alikula" imekwenda wapi, hujibiwa kwamba hivyo ndivyo ilivyo. Hapa Musoma, na hata Bunda, nimewasikia watoto wakisema "hakukula", kisha wakachekwa darasani.

Mimi naona mtoto huyo amefikiri. Ameshika kanuni, akaitumia kila mahali. Waliomcheka wamekariri tu.

Sababu ipo, tena si ngumu. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiambishi "li" hakibebi mkazo, ndiyo maana "ku" huingia kuupokea: ali-KU-la. Kiambishi cha kukanusha kinaweza kuubeba chenyewe: ha-KU-la. Vivyo hivyo twasema "akala" na "akija", bila nyongeza yoyote. Na hiyo "li" zamani ilikuwa kitenzi chenye maana ya kuwa; "alikula" ni masalio ya maneno mawili yaliyoungana. Kinachoitwa ukorofi wa lugha ni kumbukumbu yake.

Wahispania nao wana yao. Kwao "fui" ni nilikuwa, na "fui" hiyo hiyo ni nilikwenda. Katika "tuve", yaani nilikuwa na kitu, mkazo hukaa kwenye shina, ilhali katika "hablé", nilisema, hukaa mwishoni.

Tusisahau pia kwamba watoto wengi wa Mara huja shuleni na lugha nyingine. Wajita na Wakuria hutenganisha ndani ya kitenzi jambo lililopita karibuni na la siku za mbali. Kiswahili huyatia yote katika "li". Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama mwaka 1922, alilelewa katika Kizanaki, na mwaka 1963 tafsiri yake ya "Julius Caesar" ya Shakespeare ikachapishwa. Lugha ya mama haikumzuia.

Basi tusahihishe "hakukula", maana ni kosa. Lakini tutoe na sababu. Mtoto anayechekwa hujifunza kunyamaza, na aliyenyamaza hana lugha atakayoijua vizuri.