Fundi wa Chale na Uamuzi Usiofutika

Miongoni mwa sanaa zinazotegemea mkono wa fundi, ni chache zinazomdai uadilifu mkubwa kama sanaa ya kuchanja chale, kwa kuwa mchonga vinyago akiharibu gogo hutafuta jingine, na mfinyanzi akikosea huurudia udongo wake, ilhali mchanjaji hufanya kazi juu ya mwili wa mtu aliye hai, ambaye atatembea na kazi hiyo hadi kaburini. Kwa sababu hiyo, swali la kwa nini baadhi ya watu hukubali kuchorwa miili yao na wengine hukataa katakata haliwezi kujibiwa kwa kutazama urembo peke yake. Ni lazima itazamwe pia kazi yenyewe, namna inavyotendwa, na nani aliye na mamlaka ya kuiamuru. Mfano mmoja ulio bora barani Afrika ni ule wa Wamakonde, wenyeji wa nyanda za juu za Newala upande wa Tanzania na za Mueda upande wa Msumbiji, ambao Mto Ruvuma umepita kati yao.

Wamakonde huziita alama zao dinembo. Chale, kwa maana ya kawaida, ni mikato midogo inayopasuliwa kwenye ngozi kwa ajili ya tiba, kinga au urembo, na makabila mengi ya Afrika Mashariki yameijua. Lakini dinembo ni chale zinazotiwa rangi, hivyo alama hubaki kwa njia mbili kwa pamoja, yaani kovu linaloweza kupapaswa kwa kidole na rangi ya buluu iliyokoza inayoonekana ndani ya ngozi. Usoni ilipangwa mistari sambamba iliyovunjika kwa pembe kali, safu juu ya safu, kwenye paji la uso, mashavuni na kidevuni, na mwilini iliongezwa michoro ya kifua, mgongo, tumbo na mapaja.

Kazi hiyo ilifanywa kwa chipopo, chombo kidogo cha chuma chenye makali, na baada ya ngozi kukatwa, fundi alisugua ndani ya mikato unga wa mkaa uliotengenezwa kwa mmea wa mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo. Maelezo haya yanaweza kuifanya kazi ionekane nyepesi, lakini ugumu wake wote umo katika kina cha mkato. Ngozi ya binadamu ina tabaka la juu, liitwalo epidermisi, ambalo hujibadilisha daima kwa kupukutisha seli zilizokufa, na chini yake lipo tabaka la dermisi, lenye mishipa ya damu na neva, ambamo chembe za rangi humezwa na seli za kinga na kubaki mahali pamoja kwa miaka mingi. Mkato ukiishia juu mno, rangi hutoka pamoja na ngozi iliyochakaa. Ukizama mno, damu huvuja kwa wingi, kidonda huchelewa kupona na mstari hupoteza umbo. Fundi wa dinembo hakuwa na kipimo chochote cha kumwonyesha mpaka kati ya matabaka hayo zaidi ya vidole vyake, na bado alitakiwa kuhakikisha kwamba pembe za shavu la kulia zinalingana na za shavu la kushoto, kwenye uso wa mtu aliyekuwa akivumilia maumivu wakati huohuo. Aghalabu kazi haikukamilika kwa kikao kimoja: mikato iliachwa ipone, kisha ikarudiwa ili kovu liinuke na rangi ikolee, kwa hiyo aliyechanjwa alirudi mbele ya chuma akiwa tayari anayajua maumivu yanayomngoja.

Kurudi huko kunaeleza sehemu kubwa ya sababu za watu kuzitaka alama hizo. Kijana aliyezivumilia alionyesha kwamba ameingia utu uzima na kwamba ujasiri wake umeshuhudiwa na wenzake. Msichana aliyechanjwa tumboni na mapajani alihesabiwa kuwa amejiandaa kwa ndoa na uzazi. Na wote wawili walitambulikana popote kuwa ni Wamakonde. Utambulisho huo uliwafuata hata ugenini, kwani wengi waliovuka Ruvuma kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika walijulikana kwa nyuso zao kabla hawajafumbua kinywa, na wanawake pia kwa ndona, yaani kipande cha mti kilichovaliwa katika mdomo wa juu uliotobolewa. Katika mpango huo, uso wa mtu ulikuwa mali yake na mali ya jamaa zake, na fundi alifanya kazi kwa idhini ya pande zote mbili.

Thamani ya sanaa hiyo inaonekana vilevile katika mapiko, vinyago vinavyovaliwa kichwani katika ngoma za jando na unyago. Wachongaji wa vinyago hivyo walibandika vipande vyembamba vya nta usoni pa kinyago ili kuziiga dinembo, wakafuata mpangilio wa pembe kwa uangalifu uleule, na katika vinyago vya kike wakaweka ndona. Mchonga mti alikubali kuwa mwanafunzi wa mchanja ngozi, na hakuna sifa kubwa zaidi ambayo fundi anaweza kuipata kutoka kwa fundi mwenzake.

Hata hivyo, waliozikataa chale walikuwa na sababu zenye uzito usio pungufu. Hadithi za Mtume zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinamlaani mchanjaji na mwenye kuchanjwa, na katika Biblia, Mambo ya Walawi 19:28 inakataza kuchanja mwili kwa ajili ya wafu na kujiandika alama. Pwani ya Waswahili imelitii katazo hilo bila kuutupa urembo, kwani hina, ambayo rangi yake hushikamana na tabaka la juu tu la ngozi na kufifia katika muda wa wiki chache, humpa bi harusi wa Lamu au Unguja maua ya mikononi na miguuni yanayoondoka yenyewe. Mchora hina naye ni fundi kamili, ila amechagua kutouvuka mpaka ambao mchanjaji huuvuka kwa makusudi.

Sababu nyingine ilikuwa ya kisiasa. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kuanzisha vita vya ukombozi mwaka 1964 katika nchi ya Wamakonde, kilitaka taifa moja lisilogawanywa na ukabila, na alama inayotangaza kabila usoni haikuwa na nafasi katika taifa hilo. Vijana wakaacha kuchanjwa, na baada ya uhuru wa mwaka 1975 desturi hiyo ikabaki kwenye nyuso za wazee. Kisha, kuanzia miaka ya 1980, hofu ya virusi vya UKIMWI iliwafundisha watu wa eneo lote kuogopa wembe unaotumiwa na zaidi ya mtu mmoja, na hofu hiyo ilikuwa ya haki. Anayesema kwamba vijana hao waliudharau ustadi wa babu zao huwaonea, kwa maana walichokikataa ni amri ya wengine juu ya ngozi zao, na hatari iliyokuwa imejificha katika chuma.

Leo vijana wa Nairobi na Dar es Salaam huchorwa tatuu kwa mashine ya umeme, chombo ambacho Samuel O'Reilly wa New York alikipatia hataza mwaka 1891, na sindano zake huzama katika dermisi ileile iliyokuwa ikitafutwa na chipopo. Kilichobadilika kwa hakika ni idhini: zamani wazee walipima umri, wakati na mchoro, ilhali sasa mtu mmoja huamua peke yake, wakati mwingine kwa jina la mpenzi wa msimu mmoja. Mzigo uliobebwa na ukoo mzima umemwangukia fundi, ambaye anapaswa kuua vijidudu katika vyombo vyake na kutumia sindano mpya kwa kila mteja, kumuuliza umri wake, na kumrudisha nyumbani anayesitasita. Fundi anayekataa pesa ya mtu ambaye hajaamua ni mrithi wa kweli wa fundi wa dinembo, hata kama hajawahi kufika Newala wala Mueda.

Kwa hiyo anayechanjwa na anayekataa wanakubaliana kuhusu jambo moja, nalo ni kwamba ngozi si karatasi ya kujaribia. Yule huuchukua uamuzi usiofutika akiwa ameujua uzito wake. Huyu huuacha kwa kuujua uzito uleule. Sanaa iliyowafundisha watu kuitazama miili yao kwa heshima ya namna hiyo inastahili kuandikwa, kupigwa picha na kufundishwa, mchoro kwa mchoro, maadamu wapo wazee wanaoweza kueleza maana ya kila mstari ulio usoni pao, na kazi hiyo ni wajibu wa wote, wakiwamo wale ambao hawatakubali kamwe kuguswa na chuma.