Matonge ya Brussels na Hila ya Sikio

Msomaji wa Kiswahili anayefika Porte de Namur jijini Brussels, akaambiwa kwamba mtaa ulio mbele yake ni Matonge, hujiwa mara moja na taswira ya sinia la ugali na vidole vinavyofinyanga. Taswira hiyo ni tamu, lakini si ya mtaa huo. Jina hilo la eneo la Ixelles limetoka Kinshasa, katika Matonge ya Kalamu, mtaa uliosifika kwa muziki na baa zake karibu na mzunguko wa Victoire. Wakongo waliolihamishia Ubelgiji katika nusu ya pili ya karne ya 20 walikuwa wakiukumbuka mtaa, si mlo wa watu wa pwani.

Kinachodanganya ni kiambishi ma-. Kimo katika Kiswahili, Kilingala na Kikongo. Kwa hiyo jina la mbali huvaa sura ya ndugu. Lakini undugu wa maneno hauthibitishwi kwa sura. Huthibitishwa kwa ulinganifu unaojirudia. Mahali ambapo Kiswahili kina u, mara nyingi Kilingala kina o: mtu na moto, kutuma na kotoma. Asiyeijua kanuni hiyo atasikia “moto” wa Kilingala na kutafuta maji ya kuuzimia, kumbe anatajiwa binadamu.

Kwa kanuni hiyohiyo hupatikana ndugu wa kweli: kutunga na kotonga. Mzizi wao wa Kibantu unahusu kufunga, kushona na kujenga. Mswahili hutunga shanga, utenzi na hata mimba. Mkongo hotonga nyumba na nguo. Mzulu, kwa thunga, hushona. Maana zimeachana, lakini wazo la kuunganisha vipande halijapotea. Katika Kilingala, kotonga ni pia kumsema mtu vibaya, maana ambayo mhakiki yeyote anapaswa kuikumbuka kabla ya kushika kalamu.

Haya si mambo ya kamusi peke yake. Matonge ni jina ambalo halikutolewa na serikali ya mji. Lilitokana na vinywa vya wahamiaji. Uwanja wa Patrice Lumumba, uliozinduliwa ukingoni mwa mtaa huo tarehe 30 Juni 2018, ulihitaji uamuzi wa madiwani na miaka ya madai. Matonge haikuhitaji kibali cha mtu. Ndiyo maana fasihi ya Kiswahili inayoizungumzia Brussels ina wajibu wa adabu. Kuligeuza jina hilo kuwa matonge ya ugali ni kuwaondoa katika habari watu waliolibeba kutoka Kinshasa.

Lugha zetu zina undugu wa kutosha. Hazihitaji kuongezewa ule wa kubuni. Atakaye kuuonyesha aanze na kutunga, aliache tonge katika sinia lake.