Mbivu ya Mvumilivu: Methali na Daktari Aachaye Ubingwa

Methali ni kauli ya watu wengi, na kwa sababu ni ya wengi hapana mtu mmoja awezaye kuulizwa maana yake wala kulaumiwa inapokosea. Jambo hili halina budi kukumbukwa zinapohakikiwa methali apewazo daktari kijana aliyeingia katika mafunzo ya ubingwa, kisha akatamani kuyaacha kabla ya kuyamaliza. Uamuzi wake utashika miaka mingi ya maisha yake. Lakini maneno anayoamuliwa kwayo aghalabu ni yale yale aliyoambiwa alipokuwa mtoto wa darasa la nne akikataa kwenda shule.

Na achukuliwe daktari mmoja wa Ugweno, si mtu fulani bali mfano. Kwao ni kaskazini ya Milima ya Upare, wilaya ya Mwanga, mahali ambapo migomba huzunguka nyumba na Ziwa Jipe liko bondeni upande wa mashariki. Alisoma shahada ya kwanza ya udaktari kwa miaka 5, akatumikia utarajali mwaka 1, akasajiliwa, akafanya kazi. Kisha akaingia katika masomo ya ubingwa wa upasuaji, ambayo huchukua miaka 3 au zaidi. Sasa yumo mwaka wa pili. Zamu za usiku zimemchosha, ada inamwelemea, na lililo kubwa kuliko yote, ameanza kushuku kwamba upasuaji si kazi aliyoumbiwa. Anapanda nyumbani kutaka shauri. Baba mkubwa anamwambia, “Mwanangu, mvumilivu hula mbivu.” Shangazi anaongeza, “Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.” Baraza limekwisha.

Methali ya kwanza ina jina lililofichwa. Mbivu ni sifa isiyotaja kitu chake, na msikilizaji hukijaza mwenyewe. Kwa mtu wa migombani kitu hicho ni ndizi. Kwa baba mkubwa anayenena na daktari ni cheo cha bingwa. Ufasaha wa methali umo katika kunyamaza huko, na udhaifu wake umo humo humo. Maana kila mkulima wa Ugweno ajua kwamba mkungu wa ndizi hauachwi mgombani mpaka uive. Hukatwa ukiwa umekomaa, ukavundikwa, ukaivia ndani ya nyumba. Ukiachwa juu hupasuka na kuliwa na ndege. Kiswahili kina maneno mawili katika jambo hili, kukomaa na kuiva, na methali imetaja moja tu. Imemsifu mlaji, ikamsahau mkataji, ambaye kazi yake yote ni kujua siku ya kukata.

Tofauti hiyo si mchezo wa maneno. Daktari aachaye utarajali katikati amekata mkungu mchanga: hana usajili kamili, na miaka yake 5 ya chuo haimruhusu kutibu kwa dhamana yake mwenyewe. Kwake huyo methali ya wazee ni kweli tupu, na anayemsihi amalize miezi iliyobaki amsihi kwa haki. Lakini aachaye ubingwa amekwisha komaa. Usajili aliokuja nao ni ule ule atakaotoka nao. Kesho aweza kurudi katika hospitali ya wilaya akatibu homa ya mapafu, akampasua mama aliyeshindwa kujifungua. Watu husema juu ya mtu huyo, “Ameacha udaktari.” Usemi huo ni uongo uliovaa nguo za huruma, na madhara yake ni kumfanya kijana aogope kupoteza kitu ambacho hawezi kupoteza. Hata hivyo hasara ipo. Ada haitarudi, mwajiri aliyempa ruhusa ya masomo aweza kudai mkataba wake, na miaka 2 ya ubingwa haimfanyi mtu kuwa nusu bingwa.

Methali ya pili ni kali zaidi, maana “huna budi” yafunga mlango. Lakini nguo huvuliwa mara moja, na mafunzo ya tiba yana ngazi kadha, kila moja na mlango wake. Pengine methali hii hupata nguvu zaidi milimani kwa sababu ya kumbukumbu ya mshitu, jando la msituni. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, aonyesha jinsi jando hilo lilivyokuwa nguzo ya dola katika Ugweno wa kale. Jando halikatwi vipande: mtu ametoka au hajatoka. Shangazi asikiapo kwamba mwana amerudi kabla ya wenzake, hasikii habari ya chuo. Asikia habari ya aliyetoroka msituni. Lakini si kweli kwamba milima ile haijui uvumilivu ila wa kutii. Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka Same kuikataa kodi ya mbiru, na kukataa kwao kulihitaji subira kubwa.

Upungufu mkubwa wa methali hizi mbili ni mwingine. Kila moja ina mtu mmoja tu ndani yake. Avumiliaye ndiye alaye. Avuaye nguo ndiye aogaye. Methali hizi hazina mgonjwa. Katika shamba jambo hilo halina neno, kwa kuwa mkulima mvivu hula njaa yake mwenyewe. Katika chumba cha upasuaji mambo hugeuka: uvumilivu ni wa daktari, na matunda yake, matamu au machungu, huliwa na aliyelala mezani. Mtu aliyekesha, ambaye moyo wake umekwisha kuikimbia kazi, aweza kuvumilia vizuri sana kwa hasara ya mwingine. Wala wampendekezao kuondoka hawana methali bora. “Heri nusu shari kuliko shari kamili” nayo huhesabu shari ya mtu mmoja. Mgonjwa wa Ugweno ahitajiye bingwa hushuka mlima mpaka Moshi, kwenye hospitali ya rufaa ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Na bingwa mmoja asiyepatikana ni siku nyingi zaidi za kungoja kwa mgonjwa huyo. Mgonjwa basi ni shahidi wa pande zote mbili, na baraza lililomwacha nje halikusikia kesi nzima.

Fasihi ya Kiingereza ina mfano ambao husimuliwa vibaya kwa namna hiyo hiyo. John Keats husemwa kwamba aliacha udaktari akawa mshairi. Ukweli ni kwamba mwaka 1816 alipita mtihani wa kuwa mtabibu na muuza dawa, akapata hati yake. Alichoacha ni mafunzo ya upasuaji katika hospitali ya Guy’s mjini London. Mlezi wake, aliyeshika fedha za urithi, alikasirika kama baba mkubwa yeyote. Keats alikata mkungu uliokomaa.

Methali moja hutolewa mara chache katika mabaraza haya, nayo ilitoka mbali na milima, katika jahazi: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wengi huisoma kama tisho kwa mtembezi. Lakini maneno yenyewe hayamlaumu arudiye. Yataja tu mahali. Na ngama si mahali pa aibu katika chombo. Ndimo maji yavujayo hukusanyika, na ndimo huhitajika mtu wa kuyateka, usiku na mchana, wakati nahodha yuko tezini. Kwa daktari wa Ugweno ngama hiyo ni chumba cha wagonjwa wa nje katika hospitali ya wilaya, ambamo kinamama wamekwisha kaa kwenye benchi tangu alfajiri, na hapana hata mmoja wao aliyeitwa barazani.