Kitenzi Kilichokosekana Ubavuni mwa Boksi

Maneno ni saba, yamechapwa kwa herufi nyekundu ubavuni mwa boksi la chujio la hewa: “Hupitisha hewa zaidi, huongeza nguvu za gari.” Niliyasoma nimesimama kwenye kaunta ya duka la spea, na sikio likayakubali kabla ya akili. Hesabu mizani: tisa ukwapi, tisa utao. Vina havikutimia, lakini “zaidi” na “gari” zinatua kwenye irabu moja, na hiyo inatosha kuziba ufa. Katikati pana mkato tu. Hakuna “kwa hiyo”, hakuna “iwapo”. Aliyelelewa na mashairi huunganisha mwenyewe: kipande cha kwanza kimezaa cha pili.

Hewa na nguvu ni ndugu kweli. Lita moja ya petroli huhitaji karibu lita 9,000 za hewa ili iungue sawasawa. Ila baada ya chujio, injini ya petroli ina kilango kinachofunguka kwa kadiri unavyokanyaga mafuta. Kwenye foleni kilango hicho kimefungwa karibu chote, nacho ndicho kinachobana hewa. Chujio linalopitisha hewa zaidi halimpi dereva aliye kwenye foleni kitu. Tofauti hutokea mafuta yakikanyagwa hadi mwisho na injini ikizunguka kwa kasi kubwa, na hata hapo, kwa gari la kawaida lenye chujio safi la karatasi, ni ndogo mno mguu kuihisi. Ndiyo maana hu- ya mstari ule inanikera. Haina nafsi wala njeo. Inasema jambo hutokea siku zote, wakati lina saa yake maalumu.

Kisha “zaidi”. Zaidi kuliko lipi? Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge, Tennessee, ilipima magari ya petroli ambayo injini zake hudhibitiwa na kompyuta. Machujio yaliyoziba vibaya yalipobadilishwa, ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana, lakini gari lilichanganya kasi vizuri zaidi kwa asilimia 6 hadi 11. Kwa hiyo anayetupa chujio lililojaa vumbi na kufunga lile la boksi jekundu, kisha akaapa kuwa gari limefunguka, hasemi uongo. Karatasi mpya ya bei ndogo ingemfungulia vilevile.

Lakini kasoro kubwa iko kwenye vitenzi. Ni viwili, kupitisha na kuongeza. Kuchuja, kitenzi kilichokipa kifaa hiki jina, hakimo. Chujio la karatasi lenyewe limeandikwa vizuri kuliko boksi: mikunjo yake mingi inaingiza eneo kubwa ndani ya fremu ndogo, ili matundu yabaki madogo na hewa bado ipite. Chujio la pamba iliyopakwa mafuta, aina iliyovumishwa na kampuni ya K&N iliyoanzia California, tangu 1969, hutegemea mafuta hayo kunasa vumbi. Yakikauka, vumbi hupenya. Yakizidi, huweza kuchafua sensa inayopima hewa. Na vumbi la barabara ya changarawe ni mchanga uliosagika. Likifika kwenye silinda hukwangua kuta na ringi za pistoni, mgandamizo ukapungua, injini ikaanza kula oili. Mstari wenye mizani tisa kwa tisa haukuwa na nafasi ya kulitaja.