Waliotunza Vyombo Bila Maji

Kiangazi kikikolea Newala, kusini mwa Tanzania, vitanda vya kamba hutolewa nje. Si vingi kama zamani, na vilivyobaki viko vijijini zaidi kuliko mjini, lakini kazi yenyewe haijabadilika. Kitanda cha kamba husimamishwa ubavu juani, viungo vikagongwa kwa mchi mpaka kunguni waliojificha wadondoke mchangani, kisha birika la maji ya moto likapitishwa kwenye kila tundu ambamo ulimi wa ubao umeingia kwenye tendegu. Birika moja, si ndoo. Baada ya hapo jua huachiwa kazi yake hadi alasiri, na kitanda kikirudi ndani kina harufu ya mbao iliyopashwa moto.

Fundi wa kuwamba akiitwa haanzi na kamba. Huanza na mbao. Hushika kitakizo cha kichwani, akakitikisa, akasikiliza. Tendegu linalocheza hutiwa kabari iliyochongwa papo hapo kutoka kwenye kipande cha mninga. Mfumbati uliobunguliwa hugongwa kwa kifundo cha kidole ili kujua wadudu wamefika wapi, kwa sababu ubao mzima una mlio wake na ubao uliolika una wake. Ndipo huja zamu ya kamba. Iliyolegea haikatwi. Hufunguliwa upande wa miguuni, ikavutwa uzi kwa uzi kuanzia kichwani, huku mguu mmoja wa fundi umekanyaga mfumbati na kijiti kikishikilia pale mkono unapoachia, ili mvuto usirudi nyuma. Palipochakaa huungwa kwa ukindu mpya uliolowekwa kwanza usije ukakatikia mkononi, na fundo hufichwa upande wa chini lisimchome mlalaji. Akimaliza hupiga kiganja katikati. Kitanda kilichowambwa sawasawa hulia kama ngoma iliyotoka kupashwa moto.

Mpita njia huiona kazi hiyo kuwa ukarabati mdogo, kitu cha kufuatia kazi kubwa ya seremala. Hapo ndipo watu wanapokosea. Seremala alikiunda kitanda kile mara moja, akalipwa, akaenda zake. Fundi wa kamba, na mama aliyekumbuka kukitoa juani kila kiangazi, wamekiunda tena mwaka baada ya mwaka. Kitanda kilicholaliwa na babu, kisha na mjukuu, kina saini zao nyingi kuliko ya yule wa kwanza, ingawa hakuna aliyewahi kuwataja.

Ufundi huu wa kutunza vyombo kwa jua, jivu na mkono badala ya maji una asili yake ardhini. Uwanda wa Makonde, ambako Newala iko, umefunikwa na udongo wa kichanga unaonyonya mvua yote inayoanguka. Juu hakuna mto wala chemchemi, na maji hutokeza chini kwenye miteremko na mabonde. Karl Weule, Mjerumani aliyekuwa akichunguza mila za watu wa kusini, alikaa Newala mwaka 1906 na akaandika juu ya ukame huo na juu ya safari ndefu ya maji. Ukingo ambao wageni wa leo hupelekwa kuutazama pale Shimo la Mungu, wakapiga picha za bonde la Ruvuma, ndio uliokuwa njia ya mitungi: wanawake walishuka alfajiri na kupanda na mzigo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanzishwa miaka ya 1950, ulisukuma maji juu kwa pampu, na Ufini ikagharamia miradi ya maji vijijini katika Mtwara na Lindi kuanzia miaka ya 1970. Hata hivyo, nyumba nyingi za uwandani bado zina kisima cha saruji uani cha kuvunia maji ya bati, na mwenye kisima anajua kina chake kinavyopungua kati ya Juni na Novemba. Mtu aliyebeba ndoo kutoka bondeni hakuimwaga juu ya kiti.

Kwa hiyo jivu lilipewa heshima. Jivu la kuni likichekechwa kwa kitambaa hadi libaki unga, lilikuwa la vijiko, vikombe vya bati na vioo; lililobaki na chenga zake, likichanganywa na mchanga kidogo na kusuguliwa kwa kumbi la nazi, lilikuwa la sufuria zilizoshika masizi. Miko na vigoda vilisuguliwa kwa majani ya msasa, yale makavu yenye kukwaruza ambayo maseremala walilainishia mbao kabla ya karatasi za dukani kufika. Kinu kiliinamishwa chini ya upenu, kisikae na maji ya mvua tumboni wala kisipigwe na jua la mchana kikapasuka.

Kazi iliyopendeza kuliko zote ilikuwa ya chemli. Ilifanywa alasiri, kabla giza halijaingia, na ilikuwa ya mtoto, kwa kuwa mkono wake pekee ndio ulioweza kuingia ndani ya kioo. Alikaa barazani, kioo mapajani, akakipulizia pumzi. Pumzi ile ndiyo iliyokuwa maji yake. Kabla ukungu wake haujakauka alitia kipande cha gazeti kilichochovywa kwenye jivu laini na kuzungusha polepole, kwa sababu kioo cha chemli hupasuka kwa haraka ya mkono kuliko kwa moto. Kisha mkubwa mmoja alichukua mkasi na kukata utambi: mstari ulionyooka, pembe mbili zikipunguzwa kidogo tu ili mwali usiote mapembe na kutoa moshi. Tangi likivuja lilizibwa kwa kipande cha sabuni hadi siku ya kwenda kwa fundi wa kulehemu. Usiku wa nyumba nzima, daftari za shule na chakula cha jioni, ulitegemea dakika hizo chache za mtoto kukaa kimya na kuwa mwangalifu. Mtoto aliyelelewa hivyo alijua, kabla ya kujua kusoma vizuri, kwamba chombo kina upande unaochafuka kwanza na mahali kinapoanza kuchoka.

Ukishuka Masasi, kwenye mji uliozungukwa na milima ya mawe, hadithi ina sura nyingine. Huku wamisionari Waanglikana wa UMCA walifika mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na Ndanda, njiani kuelekea Lindi, Wabenediktini walianza makao yao mwaka 1906, baada ya misheni ya Lukuledi kuharibiwa katika vita vya Majimaji. Karakana za Ndanda zilifundisha useremala wa meza, kabati na droo. Kutoka mikono ya namna hiyo ilitoka samani nzito ya mninga na mkongo ambayo bado inaonekana katika nyumba za walimu wastaafu na makatekista: viti vya mikono mipana, kabati la vyombo lenye vioo vya kusukuma. Samani hiyo ilitunzwa kwa kitambaa kikavu na kitone cha mafuta, na ilivishwa vitambaa vya kufuma kwenye migongo na mikono. Wengi wa kizazi cha sasa huviona vitambaa hivyo kuwa urembo wa kizamani. Vilikuwa ngao. Mafuta ya nywele, jasho na vumbi jekundu vilibaki kwenye kitambaa, na kitambaa kilifuliwa kwa beseni moja la maji; kiti chenyewe hakikuguswa na maji mwaka mzima.

Na kwenye varanda za maduka kulikuwa na cherehani. Pengine hakuna mashine iliyowahi kupendwa zaidi kusini mwa Tanzania kuliko Singer nyeusi ya kukanyaga kwa miguu. Fundi cherehani aliyeifahamu alianza siku kwa mafuta, tone moja katika kila tundu, akaizungusha bila uzi ili mafuta yatembee, akafuta yaliyozidi yasije yakatia doa khanga ya mteja. Jioni alifungua bamba dogo chini ya sindano na kutoa kwa brashi nyuzi zilizojikusanya kati ya meno yanayosukuma nguo. Mkanda wa ngozi ukilegea aliukata kidogo na kuupiga pini upya. Akaifunika. Ndiyo maana mashine za aina hiyo, zilizoingia nchini kabla ya Uhuru, zimeshona sare za shule za wajukuu wa wanunuzi wake. Chuma kilikuwa kizuri, ni kweli, lakini chuma hichohicho kikiachwa bila mafuta katika vumbi la Masasi hukwama.

Kisha zikaja fedha za korosho. Hakuna mwenye haki ya kuwalaumu wakulima wa Newala na Masasi kwa kutaka vitu vizuri. Wamezipanda korosho, wamezipulizia salfa, wamesubiri malipo miezi mingi. Katika msimu wa 2017/18 bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo katika baadhi ya minada, na mwenye shamba alipopata fedha zake alistahili kukalia kochi analolitaka. Huzuni iko kwenye kochi lenyewe. Chini ya kitambaa chake kinachong'aa mna mbao nyepesi za kreti zilizopigiliwa misumari bila ulimi wala kabari, na sponji inayobonyea kabla mwaka haujaisha. Kabati linalouzwa pamoja nalo limetengenezwa kwa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Linafika limenyooka, na mvua za Januari zikipita sakafuni mara moja tu miguu yake huvimba na kufumuka. Hakuna pa kupiga kabari. Randa hailishiki. Mchwa hawahitaji hata kulitafuta.

Dhidi ya mchwa, wazee walikuwa na hesabu yao. Miguu ya kabati iliinuliwa juu ya vipande vya mawe au vikopo, ukuta ukaachiwa nafasi ya kupitisha ufagio nyuma, na mbao zilizogusa ardhi zikapakwa kitu kikali. Katika nchi ya korosho kitu hicho kiko mlangoni: mafuta ya ganda la korosho, yaleyale yanayobabua vidole vya wanawake wanaobangua, ni sumu kwa mchwa. Siku hizi wengi hupaka oili chafu ya magari, nayo husaidia, lakini harufu yake hukaa ndani ya chumba cha kulala na hakuna mtoto anayepaswa kuivuta.

Friji limepata mkosi mbaya zaidi, kwa sababu limeingia katika nyumba zenye ujuzi wa miaka mingi na bado halikurithi chochote. Mabomba membamba meusi ya mgongoni mwake ndiyo yanayotoa joto nje. Yakivikwa vumbi jekundu la Newala, mashine huunguruma mchana kutwa ikitafuta pumzi. Brashi kavu ingetosha, ile ile iliyosafisha cherehani. Mpira wa mlango ungetaka kitambaa chenye unyevu kidogo. Badala yake barafu huachwa inenepe, na siku mtu akikosa subira ya kuzima na kungoja iyeyuke, huibandua kwa kisu. Ncha hupita, bomba hutoboka, gesi hutoka kwa mluzi mdogo. Ndiyo maana kuna nyumba nyingi ambamo friji limekuwa kabati la unga. Mama yuleyule ambaye angemkemea mtoto kwa kushika kioo cha chemli kwa pupa hushika kisu mbele ya chombo kilichonunuliwa kwa mavuno ya msimu mzima. Hakufundishwa. Muuzaji alikabidhi risiti na waranti ya lugha ngeni, akapakia lingine kwenye gari.

Na kitanda cha kamba? Familia nyingi hukikumbuka siku ya msiba. Katika nyumba za Waislamu maiti akioshwa, kitanda kinachopitisha maji hadi kwenye shimo lililochimbwa chini yake hakina mbadala katika godoro la sponji wala chaga za mbao. Mtu hutumwa nyumba hadi nyumba kuulizia. Kinachopatikana mara nyingi kimekaa stoo miaka, kamba zimelegea, na palipokatika pamefungwa kwa manila ya buluu, ambayo huteleza kwenye fundo na kulegea tena. Waombolezaji hukifunga upesi kadiri wanavyojua, nao hawajui sana.

Weule, yule Mjerumani aliyekaa Newala, aliondoka na mamia ya vitu vya watu wa kusini, na vingi vilikwenda Leipzig, katika makumbusho aliyokuja kuyaongoza mwaka 1907. Mabomu ya Desemba 1943 yaliharibu sehemu ya jengo la Grassi, lililokuwa na makumbusho hayo, na makusanyo yake. Vilivyookoka vinatunzwa hadi leo na watu wenye mshahara, ambao kazi yao ya kila siku ni kuzuia wadudu, unyevu na vumbi visiviguse. Kazi hiyohiyo, juu ya uwanda ambako vitu hivyo vilitoka, ilifanywa bure na bibi mwenye jivu na fundi mwenye kijiti. Fundi wa kuwamba aliyebaki hulipwa fedha ndogo kuliko nauli ya safari ya bodaboda kutoka Newala hadi Kitangari, na vijana anaoweza kuwafundisha ndio wanaoziendesha bodaboda hizo.