Zege Changa katika Upepo wa Kitengela

Nyufa zikionekana kwenye zege la maegesho Kitengela, lawama huiangukia saruji kwanza, halafu udongo. Kuishtaki saruji ni kazi ngumu katika mji unaopakana na viwanda vya saruji vya Athi River. Udongo mweusi una kesi yake, lakini nyufa zake huja baada ya miezi, unapovimba kwa masika na kunywea kwa kiangazi, nazo hukata zege kutoka juu hadi chini. Zile fupifupi zinazochora uso siku ile ile ya kumwaga zimeletwa na upepo.

Zege likishasawazishwa, maji kidogo hupanda na kuacha utando unaong'aa. Hewa ikiyanyonya upesi kuliko yanavyopanda, uso husinyaa ilhali tumbo la zege halijasinyaa, na kwa kuwa halijapata nguvu, hupasuka. Wahandisi huanza kuwa na wasiwasi ukaukaji ukifika kilo 1 ya maji kwa mita mraba kila saa. Tuchukue mchana wa Februari: hewa nyuzi 28, zege nyuzi 30, unyevu asilimia 40. Bila upepo, hesabu hutoa kilo 0.2 tu. Upepo ukivuma kilomita 20 kwa saa, jambo la kawaida katika nyanda hizi zisizo na miti, jibu hupanda hadi 1.2. Jua ni lile lile, ukaukaji umezidi mara sita. Kwa hiyo fundi anayengoja kesho asubuhi ndipo amwagilie maji amechelewa, na akizidisha maji kwenye mchanganyiko ili ulainike, anapunguza nguvu ya zege lote.

Wapo watakaosema dawa ni kumwaga jioni. Ni nusu ya dawa. Kokoto iliyoshinda juani hubaki na joto lake. Zege la nyuzi 30 likikutana na hewa ya nyuzi 14, unyevu asilimia 70 na upepo wa kilomita 15, bado hupoteza zaidi ya kilo 1 kwa mita mraba kila saa. Heri kumwagia kokoto maji mapema na kusimamisha kizuizi cha mabati upande wa upepo.

Pingamizi zito dhidi ya kumwagilia ni bei ya maji ya boza. Hapo ndipo karatasi ya nailoni inapolipa gharama yake: ikitandazwa mara uso unapoacha kung'aa, kingo zikalaliwa na mawe, hufungia ndani maji ambayo tayari yamelipiwa. Ikae siku 7 angalau, na zaidi kwa saruji ya daraja la 32.5 iliyochanganywa na pozolana (unga wa mwamba wa volkano), maana hiyo hukomaa polepole. Gari la kwanza lisubiri nje ya geti.