Nukta na Kiimbo: Uakifishaji wa Kiingereza katika Mawasiliano ya Mtandao

Lawama zinazotolewa dhidi ya Kiingereza cha mtandao na cha simu aghalabu hulenga tahajia. Mnamo 2007 mwanahabari John Humphrys, katika gazeti la Daily Mail la Uingereza, aliwashutumu watumaji wa jumbe fupi za simu kwa kuiangamiza lugha. Mwaka uliofuata, mwanaisimu David Crystal alitoa kitabu Txtng: The Gr8 Db8, akieleza kwamba vifupisho hivyo ni vichache kuliko inavyodhaniwa, na kwamba mazoea ya kufupisha yaliitangulia simu. Kifupisho OMG, kwa mfano, kimo katika barua ambayo Admirali Fisher alimwandikia Winston Churchill mnamo 1917. Hata hivyo, mjadala wa vifupisho unaliacha kando badiliko lenye uzito zaidi kwa mhakiki, nalo ni la uakifishaji.

Katika maandishi ya kitabuni nukta ina kazi ya kisarufi: hufunga sentensi. Katika ujumbe wa simu, kitendo cha kuutuma tayari kimeifunga sentensi hiyo. Nukta inayotiwa hapo huonekana kuwa imekusudiwa, na msomaji huipa maana ya kiimbo. Celia Klin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, waliripoti mnamo 2015 kwamba jibu la neno moja lenye nukta katika ujumbe wa simu lilionekana kuwa na unyofu mdogo kuliko lisilo nayo. Jibu lilo hilo lilipoandikwa kwa mkono, tofauti hiyo haikujitokeza. Pengo linalozibwa hapa ni lile lile alilolikabili Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mnamo 1982, alipopendekeza nukta pacha, kistari na mabano viunde sura ya tabasamu ili mzaha utambulike. Maandishi hayana uso wala sauti.

Hadithi "Black Box" ya Jennifer Egan, iliyotolewa na jarida la The New Yorker kupitia Twitter mnamo 2012, inadhihirisha umuhimu wa suala hili kwa fasihi. Hakuna kipande kilichozidi herufi na alama 140, ilhali sentensi zimeakifishwa kwa usanifu. Ufinyu wa nafasi, basi, hauvunji sarufi kwa lazima. Aidha, hadithi inasimuliwa kama maelekezo ya jasusi katika nafsi ya pili, na ukavu wa nukta zake waweza kusomwa kama kinga ya mhusika anayezificha hisia zake. Utafiti wa Binghamton, uliohusu majibu ya neno moja, hautoshi kuuthibitisha usomaji huu. Muktadha wa hadithi ndio unaouhalalisha.

Kwa hiyo alama moja ya Kiingereza andishi sasa ina kazi mbili, kwa kutegemea rejista. Mhakiki anayeichukulia nukta iliyoachwa kuwa kosa tu, au iliyotiwa kuwa kaida tu, huisahihisha matini kabla ya kuisoma.